Barua Kumi na Nne, Sauti Moja

Mojawapo ya barua za kwanza nilizozipata kutoka kwa waandishi wa vitabu vya watoto ilinisema. Si kwa ukali, ila kwa ile sauti ya mama mkubwa anayekwambia ukweli huku akikumiminia chai. "Mwalimu," aliandika kwa wino wa bluu, "nimesoma barua zote 14 za wanafunzi wako. Miandiko iko kumi na minne, sauti ni moja. Nadhani sauti hiyo ni yako. Watoto wenyewe wako wapi?"

Niliisoma nikiwa nimesimama nje ya posta ya Newala, jua la saa saba linachoma, bodaboda ananiambia twende mwalimu, kuna abiria mwingine. Nikaikunja, nikaitia kwenye mkoba. Siku tatu nzima sikumwonyesha mtu.

Mimi si mkutubi wa kusomea. Sikupita Chuo cha Ukutubi Bagamoyo. Ni mwalimu wa kawaida wa shule ya msingi, mzaliwa wa Singida, niliyepangiwa kazi huku Mtwara mwaka 2015 nikadhani nitakaa miaka miwili nihame. Ufunguo wa maktaba nilikabidhiwa mwaka 2022 kwa sababu moja tu: vipindi vyangu vilikuwa vichache kuliko vya wenzangu, na mwalimu mkuu wetu hapendi kuona mtu amekaa. "Wewe si unapenda kusoma magazeti? Shika maktaba."

Maktaba yenyewe ilikuwa stoo ya majembe. Vitabu vilikuwa kwenye maboksi sakafuni, na mchwa walikuwa wameshaanza kuvisoma kabla yetu. Boksi moja nilipoliinua ilikuja sehemu ya juu tu, chini yake udongo mtupu. Wiki ya kwanza sikugusa kitabu. Nilihangaika na fundi tukapata rafu mbili, miguu yake tukaisimamisha ndani ya makopo ya maziwa yenye oili chafu ya pikipiki. Mpaka leo mchwa hawajapanda. Kama unasoma hii na wewe umepewa ufunguo wa stoo ukaambiwa ni maktaba, anza na makopo. Mengine yatakuja.

Vilivyosalimika vilikuwa kama mia mbili. Nusu yake ni misaada ya nje, vya Kiingereza, vizuri kwa macho lakini watoto wangu walikuwa wanaangalia picha za theluji na kuuliza kama ni pamba au chumvi. Vya Kiswahili ndivyo vilivyochakaa, na kitabu kuchakaa ni ushahidi kwamba kimesomwa. Kwa hivyo nikaanza na hivyo.

Siku moja nikiwa navipanga nikapata wazo la kuwaonyesha Darasa la Tano ule ukurasa ambao hakuna anayeusoma, wa nyuma ya jina la kitabu, wenye hakimiliki. Niliwaonyesha namba ndefu ya kitabu. Tukagundua pamoja kwamba vyenye 9976 au 9987 vimetoka kwa wachapishaji wa Tanzania, na vyenye 9966 ni vya Kenya. Ukawa mchezo. Mtoto anachomoa kitabu, anafunika jalada, anasoma namba, wenzake wanapiga kelele "Kenya!" au "Nyumbani!" Katika kelele hizo binti mmoja akanyoosha kidole kwenye mstari wa chini. "Mwalimu, hapa kuna S.L.P. Kwani huyu mtu yupo?"

Swali hilo lilinikaa. Kwa mtoto wa kijijini kwetu, kitabu ni kitu kinachotoka serikalini, kama chaki. Hakuna mtu nyuma yake.

Nilikuwa nimewahi kusoma habari za Marguerite Hart, mkutubi wa watoto katika mji wa Troy, jimbo la Michigan, Marekani. Mwaka 1971, mji huo ulipokuwa unafungua maktaba mpya, mama huyu aliwaandikia watu mashuhuri kwa makumi akiwaomba kila mmoja awaandikie watoto wa Troy barua kuhusu vitabu na maktaba. Alipata majibu 97. Waandishi wa watoto walijibu, waigizaji walijibu, na Neil Armstrong, ambaye alikuwa ametoka kutembea mwezini miaka miwili tu nyuma, naye alijibu. Nikasema kama Troy wamepata mwanaanga, Newala hatukosi angalau mwandishi mmoja wa Dar es Salaam.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Nilichukua kipindi cha uandishi wa barua ya kirafiki, kile kilichomo kwenye muhtasari, nikaandika ubaoni mfano. Nanyi mnaujua, wote tumelelewa nao: "Mpendwa mwandishi, pokea salamu nyingi kama nyota za angani. Ama baada ya salamu, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Dhumuni la barua hii ni kukujulisha kuwa tunapenda sana vitabu vyako kwani vinaelimisha, vinaburudisha na kuonya jamii." Mwisho nikaweka ombi: tunaomba utusaidie vitabu. Watoto wakanakili. Waliokosea nikawarudishia. Wapo waliorudia mara nne. Watoto wangu wengi nyumbani wanaongea Kimakonde, na kwenye Kimakonde sauti ya "r" inakwenda kwenye "l", kwa hiyo mtu anaandika "balua" na "kolosho" bila kujua kuna kosa. Kalamu yangu nyekundu ilifanya kazi kubwa. Barua 40 zilizotoka hapo zilikuwa safi kama mashati ya Jumatatu.

Tulizigawa kwa anwani, bahasha moja kwa kila mchapishaji ili kuokoa stempu, tukatuma. Miezi mitatu kimya. Kisha majibu matatu. Mchapishaji mmoja alitutumia orodha ya bei, na simlaumu, maana kwa jinsi tulivyoandika hata mimi ningedhani shule inataka kununua. Wa pili, mwandishi, alishukuru kwa mistari minne, akatutakia masomo mema. Wa tatu ndiye yule wa wino wa bluu.

Siku ya nne nikamwonyesha mwalimu mwenzangu wa Darasa la Tatu, mzee wa kazi aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Akaisoma, akacheka mpaka akavua miwani. "Sasa mwalimu unanuna nini? Si kweli?" Nikamwambia niliwasaidia watoto wasiaibike. "Walioaibika ni wao au wewe?" Aliondoka na kikombe changu cha chai, sikupata nafasi ya kujibu.

Mara ya pili sikuandika kitu ubaoni. Niliwaambia mambo mawili: usiandike kama hujakisoma kitabu mpaka mwisho, na uliza kitu kimoja ambacho kweli hukijui. Hakuna kuomba. Nikaongeza, kwa woga wangu wa ualimu, kwamba wasiulize mambo ya fedha. Nikaiweka kalamu nyekundu ndani ya droo, nikafunga droo kwa ufunguo. Nilijijua.

Walioandika walipungua, 26 tu. Hilo pia lilinifundisha kitu, kwamba wale 14 waliobaki pembeni safari hii, mara ya kwanza walikuwa wananakili ubao, basi. Na barua zilikuwa fupi mno. Nyingine mistari mitatu. Moja ilikuwa na sentensi moja: "Kwa nini yule mbwa hukumpa jina?" Nilikirudia kile kitabu. Kweli, mbwa anatembea na mtoto kurasa zote na hana jina. Nilikuwa nimekisoma mara tano.

Lakini barua ninayotaka kuisimulia ni ya binti wa Darasa la Nne anayeishi na bibi yake. Kitabu alichosoma kinahusu watoto wanaotembea shambani, na sehemu moja mtoto anachuma bibo, analipasua, anatoa korosho tatu ndani yake, na picha inaonyesha hivyohivyo, korosho zimejipanga katikati kama mbegu za pera. Sasa wewe mwenyeji wa Mtwara au Lindi umeshacheka. Kwa wasiojua: bibo ni tunda la mkorosho, na moja lina korosho moja, nayo haikai ndani. Inaning'inia nje, chini ya tunda, kama mtu aliyekosa siti akashika bomba la mlangoni. Binti akaandika:

"Mpendwa mwandishi. Shikamoo. Kitabu chako nimekisoma mala mbili ni kizuli. Umekosea kolosho. Bibo moja kolosho moja na haikai ndani inakaa chini. Kwani wewe hujawahi kuona mkolosho? Njoo mwezi wa kumi utaona. Bibi yangu anayo mikolosho 22."

Nilikaa na karatasi hiyo mkononi muda mrefu. Mambo ya "r" nilikuwa nimeshayasamehe. Kilichonisumbua ni "umekosea". Sisi hatulei hivyo. Mtoto hamwambii mtu mzima umekosea, tena mtu asiyemjua, tena aliyeandika kitabu. Mwenzangu mmoja ofisini alisema waziwazi kwamba nikituma hiyo, tutaonekana shule haina adabu. Niliifungua droo. Kalamu ipo. Nikaangalia tena mstari wa kwanza, nikaona shikamoo yake imekaa pale juu, imenyooka, haikuwa ya kunakili. Nikafunga droo. Aliyeanza na shikamoo ana haki ya kusema.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili na nusu. Mwandishi alikuwa mama wa umri wa kutosha, na aliandika kwa mkono, kurasa tatu.

"Marahaba mjukuu wangu. Umenikamata," ndivyo alivyoanza. Akamweleza kwamba alikulia Bukoba, kwenye kahawa na migomba, na korosho alizijua zikiwa zimeshakaangwa. Akadhani zinakaa kama mbegu zote zinavyokaa. Mchoraji naye mtoto wa mjini, korosho kwake ni kipakti kinachoingizwa dirishani mwa basi. Mhariri hakushtuka. Wapanga kurasa hawakushtuka. Kitabu kilipita mikono hiyo yote, kikachapishwa, kikauzwa, kikasomwa miaka kadhaa, mpaka kilipofika kwa mtu anayejua. Akamwambia kwamba kosa kwenye kitabu halifutwi kama ubao. Nakala zilizochapishwa zitauzwa hivyohivyo, na marekebisho yatasubiri toleo jingine, kama mchapishaji ataona kuna wanunuzi. Kisha akamwomba kazi: "Nichoree tawi la mkorosho kama unavyoliona wewe, nimpelekee mchoraji. Usipambe. Chora lilivyo."

Binti alichora jioni hiyo kwa penseli, nyuma ya karatasi ya mtihani wa hesabu. Bibi yake alipandisha mpaka shuleni kuja kuniuliza ni nani huyu anayemwita mjukuu wake mjukuu. Nikamsomea barua. Akasikiliza yote, akasema, "Hajui korosho na ni mtu mzima?" Kisha, baada ya kufikiri: "Aje. Tutampa na ming'oko," vile viazi vya porini vya huku kwetu.

Mwandishi mwingine, mwanamume, aliulizwa na mvulana mmoja kwa nini kitabu chake kimeisha mapema wakati hadithi ilikuwa bado tamu. Mimi ningejibu kitaaluma, ufupi ni ufundi na kadhalika. Yeye akajibu kama fundi. Karatasi kubwa ya mtambo wa kuchapa, alisema, hukunjwa ikatoa kurasa 8, au 16, kwa hiyo vitabu vya watoto huwa na kurasa 16, 24, 32. Ukizidisha ukurasa mmoja wa hadithi, kuna nyingine saba za kulipiwa. "Nilikuwa na kurasa 24. Nililazimika kumrudisha Sungura nyumbani haraka." Akamwelekeza: chukua karatasi moja, ikunje mara tatu, kata pembeni, hesabu. Ni kurasa 16.

Mvulana alikunja. Akahesabu. Akashona mgongoni kwa uzi wa kiroba, akaandika humo habari za mama yake anavyochimba ming'oko porini, inavyochemshwa, inavyouzwa stendi. Baada ya wiki mbili shule nzima ilikuwa inakunja. Daftari za hesabu zikaanza kukonda katikati, nikaitwa ofisini, mzazi mmoja amekuja na daftari lenye kurasa tisa. Nilikubali kosa. Siku hizi tunatumia karatasi za mitihani ya zamani, upande mmoja mweupe.

Na lile nililolikataza, la fedha? Kuna aliyeliuliza hata hivyo. Alilificha chini kabisa ya barua, kwa maandishi madogo: "Unalipwa shilingi ngapi usimwambie mwalimu." Mwandishi akamjibu kwamba analipwa mrabaha, sehemu ya bei ya kila nakala inayouzwa, na katika mkataba wake ni asilimia 10. Kitabu kikiuzwa shilingi 4,000 yeye anapata 400. Kisichouzwa hapati kitu, kinachodurufiwa mashine ya stesheneri vilevile hapati kitu. Nilisoma hapo nikakumbuka mashine ya kudurufu na rundo fulani la nakala za kitabu kimoja nilizozitoa mwezi uliopita kwa nia njema kabisa. Hilo niliachie hapo. Ila nasema tu, somo la asilimia la Darasa la Sita halijawahi kueleweka kama wiki ile.

Kuna mambo ambayo hakuna mwongozo wa maktaba ungeniambia. Desemba huku ni msimu wa jando na unyago. Watoto wanaondoka na jina moja wanarudi Januari na jingine, na lile la utotoni halitajwi tena; kumwita nalo aliyetoka jandoni ni kumtukana mbele za watu. Miaka yote niliyokaa hapa nalijua hilo. Lakini Januari ile bahasha ilifika, nikafurahi, nikaingia Darasa la Tano nikaisoma anwani kwa sauti kubwa. Darasa likanyamaza. Kisha vicheko nyuma. Mvulana mwenyewe aliangalia meza. "Huyo hayupo, mwalimu," alisema.

Nilimfuata mapumziko, nikamwomba radhi. Aliipokea bahasha lakini hakuifungua mpaka niliposhika kalamu, nikafunika jina la zamani kwa wino mweusi, nikaandika jipya juu yake. Katika kujibu, alimweleza mwandishi kwamba aliyeandika barua ya kwanza alikuwa mtoto, sasa anaandika yeye. Mwandishi akavutiwa mno akataka kujua zaidi, hasa kuhusu huko jandoni wanafundishwa nini. Mvulana akaniletea barua ile amekunja uso. "Mwalimu, hayo hayaandikwi." Nikamwambia basi mwambie hivyohivyo. Akamwandikia: hayo hayaandikwi. Mwandishi alirudisha kadi yenye maneno mawili: "Nimeelewa. Samahani." Nadhani ni barua nzuri kuliko zote tulizopokea, ingawa watoto wanaipita tu.

Mimi nami nilifanya la kijinga zaidi. Mwandishi mmoja alimalizia barua yake kwa kuandika namba yake ya simu, kwa wema, kwamba mwalimu akitaka kuwasiliana apige. Nikaibandika barua ukutani ilivyo. Haikupita wiki, mzazi mmoja akampigia kumwomba mchango wa ada ya kijana wake wa sekondari. Baadaye mwingine. Mwandishi hakunilaumu, alinitumia ujumbe wa upole, "Mwalimu, naona Newala wamenijua." Nilitamani ardhi ipasuke. Tangu siku hiyo barua halisi zinakaa kwenye faili, ukutani napandisha nakala, na namba na anwani nimezifunika kwa kipande cha karatasi. Na watoto hawatoi jina kamili wala picha zao. Jina moja na darasa, na majibu yanapitia S.L.P. ya shule.

Mwaka 2024 tulipata funzo la jiografia bila kuomba. Mwisho wa Aprili mwandishi mmoja alituma kifurushi cha vitabu kutoka Dar es Salaam, akatuarifu. Mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga Hidaya, mvua zikakata barabara kule Somanga, Kilwa, na kwa siku kadhaa Lindi na Mtwara tukawa kama kisiwa; mabasi ya Dar yaliyotaka kufika yalizunguka Songea. Watoto walikuwa wanakuja mlangoni kila asubuhi: "Shikamoo mwalimu, daraja limetengenezwa?" Nikachora ramani ubaoni, Rufiji hapa, Somanga hapa, Lindi, Mtwara, sisi huku juu. Kijana mmoja mwenye mjomba Lindi akaniuliza kama ni njia hiyohiyo waliyopitisha mifupa ya mjusi wa Tendaguru, yule dainosaria mkubwa wa kale aliyefukuliwa huko Lindi. Sivyo, nikamwambia, ile ilibebwa vichwani na wapagazi mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi, kati ya 1909 na 1913, ikaenda Ujerumani kwa meli, na mpaka leo mjusi mwenyewe amesimamishwa Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Akafikiri. "Kwa hiyo mifupa ilifika Ulaya, vitabu vyetu kufika Newala haviwezi?" Hiyo nayo akamwandikia mwandishi, na sasa yule mama anaulizauliza habari za Tendaguru. Kifurushi kilifika Juni, kona moja imelowa, vitabu vizima.

Katika kile kifurushi hakikuwemo alichokisubiri mvulana mmoja wa Darasa la Sita. Yeye alikuwa amemwandikia mwandishi wa kitabu cha zamani kuliko vyote kwenye rafu, hakina jalada, kurasa mbili za mwanzo zimeliwa. Alikuwa amekisoma kiasi kwamba akianza sentensi anamalizia bila kuangalia. Jibu lake lilitoka kwa mfanyakazi wa mchapishaji, kwa heshima kubwa: mwandishi alishafariki, miaka mingi kabla mvulana hajazaliwa. Ndani ya bahasha walimrudishia barua yake, wakisema ni yake, aitunze.

Nilimpa faragha, tukakaa kwenye benchi la nyuma ya maktaba, kwenye kivuli cha mwembe. Alisoma mara mbili.

"Sasa nilipokuwa nasoma, nani alikuwa ananiambia?"

"Yeye."

"Si amekufa?"

"Yeye."

Hakusema zaidi, na mimi nilishukuru, kwa kuwa sikuwa na jingine. Alipoondoka alikiomba kitabu, akakirudisha kesho yake kimefunikwa kwa karatasi ya kaki, kona zimekunjwa vizuri. Barua yake ameichomeka ndani, mwisho, kati ya ukurasa wa mwisho na kaki. Kila mwaka ninapohesabu vitabu naikuta pale. Natikisa vumbi, narudisha.

Kati ya zile 26 tulijibiwa 11. Sijui kama ni nyingi au chache. Troy walipata 97, lakini Troy walikuwa na mji mzima nyuma yao, sisi tulikuwa na stempu zilizonunuliwa kwa fedha ya mabati ya paa la zamani. Tunaendelea kutuma mara mbili kwa mwaka, Februari na Julai. Oktoba na Novemba sijaribu. Ni msimu, watoto wanaokota korosho, na anayekuja darasani anakuja na mikono yenye madoa ya utomvu, anafikiria mnada.

Yule binti wa korosho amemaliza Darasa la Saba, yuko kidato cha kwanza, bweni. Likizo anapitia maktaba kabla hajafika kwa bibi, begi bado mgongoni. Mchoro wake ulipokelewa. Mwandishi alimwandikia kwamba mchoraji ameubandika juu ya meza yake ya kazi na ameona aibu. Toleo jipya halijatoka.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Za masomo?"

"Nzuri. Kimetoka?"

"Bado."

Anakwenda rafuni, anachomoa kile cha zamani, anafungua ukurasa uleule, anaangalia zile korosho tatu ndani ya bibo. Anatikisa kichwa, anakirudisha mahali pake.

"Nitauliza Desemba," anasema.